Nguzo Nne za Gehandu

Sajenti Benedikta Qamara alikuwa amewahi kupeleleza wizi wa ng'ombe, wizi wa mahindi yaliyokuwa bado shambani, na mara moja wizi wa mlango wa choo cha mwenyekiti wa kitongoji. Wizi wa goli ulikuwa mpya kwake. Asubuhi ya Jumatano alizima pikipiki ya kituo pembeni mwa uwanja wa Gehandu, akavua kofia ngumu, akaangalia huku na huku. Aliona nyasi. Aliona mistari ya chokaa iliyonyooka vizuri. Aliona mlima Hanang umejifunika wingu mpaka kiunoni. Magoli hakuyaona.

"Yote mawili?" aliuliza.

"Yote mawili, Afande. Nguzo nne na mitambaa panya miwili," akajibu Mwalimu Hilaria Herman, katibu wa timu ya Gehandu Stars. Alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye kofia ya sufu nyekundu ambayo hakuna aliyewahi kumwona hajaivaa. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alikuwa amelia, na hakujisumbua kuficha.

"Mtambaa panya ndiyo nini?"

Mwalimu Hilaria alimtazama kama mtu anayetazama gari la zimamoto lililokuja bila maji.

"Ule mti wa juu, unaolala juu ya nguzo mbili. Afande, wewe mpira huufahamu?"

"Siufahamu hata kidogo. Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la tatu."

Kosa. Mwalimu alikuwa amefundisha darasa la tatu kwa miaka ishirini na sita. Aliokota fimbo, akachuchumaa, akaanza kuchora chini.

"Hili ni Kombe la Mtoano. Lilianza mimi sijazaliwa. Timu yoyote ya nchi hii inaruhusiwa kuingia, hata sisi. Unaanzia kata, ukishinda unaenda wilaya, ukishinda unaenda mkoa. Ukifungwa mara moja tu, umetoka, rudi shambani. Hakuna kurudiana."

"Na mkitoka sare?"

"Penalti, palepale, mpaka upande mmoja ulie."

"Hizo timu kubwa za redioni nazo zinaanzia kata?"

"Hizo zinakaa juu zinatusubiri. Zinaingia kwenye sitini na nne bora. Hapo majina yote yanatiwa kwenye bakuli, mtu anachovya mkono. Jina linalotoka kwanza ndilo la mwenyeji, linalofuata ndilo la mgeni." Mwalimu alisimama. "Letu lilitoka kwanza, Afande. Likafuata la Kurasini Rovers ya Dar es Salaam. Ligi kuu! Watakuja hapa Jumamosi ya wiki ijayo. Hapa unaposimama."

Benedikta aliangalia alipokuwa amesimama. Palikuwa na mavi ya mbuzi.

"Sasa tatizo ni magoli."

"Tatizo ni kesho saa sita mchana. Mkaguzi wa viwanja anakuja kutoka shirikisho. Akikuta uwanja haujakamilika, anaandika ukurasa mmoja, na mechi inahamishiwa kwao. Miaka kumi na moja najaza fomu ya hili kombe. Miaka kumi na moja! Siku Mungu amekubali, watu wangu wakasikilizie redioni?"

Benedikta hakuwa mtu wa kuguswa haraka, lakini aligundua kwamba amekwishatoa daftari.

Alianza na mashimo. Hakukuwa na mashimo. Mahali pa kila nguzo palikuwa pamefukiwa, pakashindiliwa kwa miguu, na juu yake yakarudishwa majani. Nyavu mbili zilikuwa zimeachwa pembeni, zimekunjwa mara nne, pembe kwa pembe, kama kitambaa cha altare.

"Hizi nyavu umezikunja wewe?"

"Nilizikuta hivyo."

Benedikta akaandika. Alikuwa amekutana na wezi wengi, na hakuna aliyewahi kukunja kitu. Nyavu zile zingetosha kuzungushia banda la kuku mwaka mzima. Halafu hili la kufukia mashimo: mtu anayetoroka na mali ya watu ana muda gani wa kuhofia kwamba ng'ombe atavunjika mguu? Alichimbua shimo moja kwa kijiti. Udongo ulikuwa laini. Mkono wake uliishia kwenye kiwiko tu kabla ya kufika chini pagumu, na ulipotoka ulikuwa na jivu la jikoni na unga wa mti uliotafunwa na mchwa.

"Mara ya mwisho kuyaona yakiwa yamesimama?"

"Jana asubuhi, nikienda mnadani Katesh. Jana kila mtu alikuwa mnadani. Nimerudi jioni, nikakuta hivi."

"Nani alijua habari za mkaguzi?"

"Wote. Barua niliisoma Jumatatu kwenye mkutano wa timu, neno kwa neno. Atakagua vyumba vya kubadilishia nguo, mistari, urefu wa uwanja, urefu wa magoli kwa futi, mpaka choo."

Wakati huo akaja kijana mmoja anakimbia, amevaa glavu za kipa ingawa hapakuwa na mpira wala goli la kulinda. Alikuwa Yonas, mlinda mlango wa Gehandu Stars, miaka ishirini na tatu, mfupi kuliko Benedikta kwa vidole viwili na mwenye kifua cha mtu mrefu.

"Shikamoo Mwalimu. Afande, mimi namjua mwizi. Ni Nangwa!"

"Kijiji kizima cha Nangwa?"

"Mwenyekiti wa timu yao. Wolfgang, yule fundi seremala. Tuliwatoa kwenye fainali ya wilaya, moja bila, hapahapa. Mpaka leo hasalimii. Na kiwandani kwake kuna nguzo tupu!" Yonas akashusha pumzi. "Afande, mimi mechi sita za nyumbani sijaguswa. Sita! Makipa wa ligi kuu wenyewe hawana hiyo. Kurasini wakija hapa, mtaona. Lakini nikipelekwa kwenye goli la watu, silijui, silioti."

Benedikta aliandika: *mechi sita*. Kisha akawasha pikipiki.

* * *

Karakana ya Wolfgang ilikuwa kando ya barabara pale Nangwa, na kweli ilikuwa na nguzo. Zilikuwa ishirini na kitu, za mkaratusi, zimeegemezwa ukutani, mbichi, bado zinanuka dawa ya kikohozi. Mwenyewe alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na nane, penseli sikioni, na alipoona sare ya polisi hakuacha kupiga randa.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri. Kama umekuja kwa ajili ya kabati la mkuu wa kituo, mwambie Ijumaa."

"Nimekuja kwa ajili ya magoli ya Gehandu."

Randa ikasimama. Wolfgang alicheka kwanza, kicheko kizuri kabisa, cha mtu aliyepata habari njema bila kuitarajia. Halafu akaelewa kwa nini anaulizwa, na uso ukabadilika.

"Mimi? Nguzo zote hizi unaziona, nikaibe nguzo? Tena za kwao zile, zinatafunwa na mchwa tangu ziwekwe?"

"Jana ulikuwa wapi?"

"Mnadani, nauza vitanda. Kamuulize Mwalimu Hilaria mwenyewe, alipita mbele yangu na kofia yake nyekundu akajifanya hanioni."

"Nasikia una hasira nao."

"Hasira ninayo, kwa nini nikufiche?" Aliitoa penseli sikioni, akamwelekezea nayo. "Afande, ile fainali mshambuliaji wangu, Alex, aligonga mtambaa panya mara tatu. Mara moja ni bahati mbaya. Mara mbili ni shetani. Mara tatu? Yule kijana hapa Nangwa anapiga mpira unaingia kwenye tairi la baiskeli. Kipa wao yule kimbilikimo amesimama tu ananyoosha mikono, mpira unagonga mti unarudi. Nikamwambia mwamuzi huu uwanja una kitu. Akaniambia nikae."

Benedikta aliandika *mara tatu* na kuipigia mstari. Hakujua kwa nini. Ilikuwa tabia yake: kitu mtu anachokisema akiwa amesahau kwamba anahojiwa, anakiandika.

Njiani kurudi alipiga hesabu. Fundi alikuwa na sababu, alikuwa na nguzo, na alikuwa na hasira ya kutosha timu nzima. Lakini mtu mwenye hasira ile, akipata goli la adui yake mchana kweupe, analikata vipande anawasha moto. Hakunji nyavu.

* * *

Upande wa mashariki wa uwanja, chini kidogo, ng'ombe walikuwa wanakunywa maji bwawani. Mchungaji wao alisimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo, shuka la rangi ya damu ya mzee begani. Aliitwa Gidamis. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano hivi, wa familia za wafugaji wa bondeni, na minada haikumhusu wiki hiyo kwa sababu hakuwa na wa kuuza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, jana ulichunga hapahapa?"

"Hapahapa."

"Uliona mtu anang'oa magoli?"

Gidamis alifikiri. Aliangalia ng'ombe wake mmoja mmoja, kana kwamba mmojawapo angependa kujibu.

"Mimi niliona punda," alisema.

"Punda peke yake?"

"Wawili. Na mkokoteni. Una mabua ya mahindi juu."

"Na mwenye punda?"

"Nimesema niliona punda."

Benedikta alikuwa amekulia Mbulu na alijua kwamba mtu wa namna hii hutamtoa neno kwa kusukuma. Mzee ameombwa kunyamaza, na ameahidi. Huwezi kumtisha kwa sababu haogopi, na huwezi kumdanganya kwa sababu hana haraka. Akakaa chini kwenye jiwe. Wakazungumza habari za majani na mvua. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza ili tu mazungumzo yasife:

"Huyo mwenye punda, mlipokutana, hamkusalimiana?"

Gidamis aligeuka. Swali lilikuwa limemuudhi.

"Nisisalimie? Mimi nililelewa."

"Ulimsalimiaje?"

"Shikamoo! Ulitaka nimwambie mambo?"

"La, baba. Naye akaitika?"

"Akaitika vizuri. Akaniuliza kama dume wangu mweusi amepona mguu. Huyo hapo. Jana ndiyo mara ya kwanza namtoa bomani, mwezi mzima alikuwa amelala." Akamkazia macho Benedikta. "Lakini mimi mtu sikumwona."

"Hukumwona, baba. Nimeandika punda wawili."

Aliondoka pale taratibu mpaka alipofika nyuma ya pikipiki, ndipo akajiruhusu kutabasamu. Mtu wa miaka hamsini na tano, wa maeneo haya, hatoi shikamoo kwa fundi wa miaka thelathini na nane, hata ashikiwe bunduki. Hatoi kwa kijana yeyote wa mpira. Mwizi alikuwa mzee, mzee hasa, wa miaka sabini kwenda juu. Wazee wa umri huo wenye mkokoteni wa punda, Gehandu nzima, walihesabika kwenye vidole vya mkono mmoja. Lililobaki lilikuwa moja. Mzee wa miaka sabini anataka nini na goli?

* * *

Jibu lilikuwa limening'inia kwenye ukuta wa sebule ya Mwalimu Hilaria, ndani ya fremu kumi na moja.

Benedikta alikuwa ameingia kunywa chai tu. Lakini chai ilikuwa ya moto, naye akasimama kuangalia picha. Kila mwaka, siku ya mechi ya kwanza ya kombe, Gehandu Stars walipiga picha mbele ya goli la kaskazini. Wachezaji walibadilika. Jezi zilibadilika, kisha zikapauka. Mtu mmoja hakubadilika: Mwalimu Hilaria, amesimama pembeni kabisa, bega kwenye nguzo, kofia nyekundu kichwani.

"Mwalimu, hii ndiyo ya kwanza?"

"Ndiyo. Tulitolewa siku hiyohiyo, sita bila."

"Na hii?"

"Ya mwaka huu. Ona tunavyocheka."

Benedikta aliweka kidole kwenye picha ya kwanza, kati ya kofia nyekundu na mtambaa panya. Pale juu ya kofia palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kumbeba mtoto mabegani. Akaenda picha ya nne. Nafasi ya ndoo. Picha ya nane. Akafika ya mwaka huu. Mwalimu Hilaria alikuwa amenyanyua mkono akiwa anashangilia, na kiganja chake kilikuwa kimeushika mtambaa panya kama mtu aliyeshika bomba la basi.

"Mwalimu, wewe unaendelea kurefuka?"

"Kwa umri huu? Nasinyaa."

"Basi goli ndilo limefupika."

Mwalimu Hilaria akaja, akaweka miwani. Akaangalia ya kwanza, akaangalia ya mwisho, akarudi ya kwanza. Akakiweka kikombe chini.

"Yesu wangu," alisema. "Mechi sita."

"Nani huwa anatengeneza magoli?"

"Mzee Bura. Mtunza uwanja wetu. Kila mwaka baada ya masika anazing'oa nguzo, anazishughulikia, anazirudisha. Hajawahi kukosa." Sauti yake ikapungua. "Afande, yule mzee ni mtu wa kanisa. Ndiye anayekunja vitambaa vya altare."

"Najua," alisema Benedikta. "Nimeona kazi yake."

* * *

Mzee Bura alikuwa na miaka sabini na minne, mgongo ulionyooka, na ua lililofagiwa mpaka ardhi ikang'aa. Punda wawili walikuwa wamefungwa kivulini. Karibu na zizi palikuwa na lundo kubwa la mabua, kubwa kuliko lilivyostahili kuwa mwezi ule. Aliwaletea vigoda, akauliza habari za nyumbani, za kazi na za kituo, na Benedikta alijibu zote bila kuruka hata moja.

"Babu, jana ulikuwa wapi?"

"Mnadani, mwanangu. Tangu asubuhi mpaka jioni."

"Pole na safari. Nimetoka kwa Gidamis sasa hivi. Yule dume wake mweusi namsikitikia, sijui kama mguu utapona."

"Amepona!" alisema Mzee Bura kwa furaha ya kweli. "Anakanyaga vizuri kabisa, jana nime..."

Punda mmoja alitikisa masikio. Mwalimu Hilaria aliinamisha kichwa, akaanza kulia tena.

"Hilaria, usilie," alisema mzee. "Ukilia nitakufa kabla sijaeleza."

Akaeleza. Mwaka ule wa kwanza alizisimamisha nguzo mwenyewe, kwa kipimo alichopewa, mita mbili nukta nne nne, hazikuzidi wala hazikupungua. Lakini mchwa wa Gehandu hawana dini. Kila masika wanatafuna pale mti unapoingia ardhini. Angefanya nini? Alikata sehemu iliyooza, vidole viwili mwaka huu, vidole vitatu mwaka ujao, akatia jivu, akazika tena. Hakupima, kwa sababu nani anapima kitu ambacho amekisimamisha mwenyewe? Mpaka Jumatatu, Mwalimu aliposoma barua: urefu wa magoli, kwa futi. Alienda peke yake na futi ya mjukuu.

"Mbili nukta sifuri sita," alisema. "Nilipima mara nne, nikidhani macho. Nikakaa pale chini. Nikasema, Bura, umewaibia watoto. Mkaguzi akiona hili, atauliza: hizi mechi sita mlizoshinda nyumbani mlishinda kwenye goli gani? Na Nangwa wataandika, na wengine wataandika, na mtatolewa kwa aibu. Nikaona bora zisionekane. Bila magoli mtahamishwa, lakini mtacheza. Hamtatolewa."

"Waamuzi hawakuwahi kuona?" Benedikta aliuliza.

"Walikagua kucha, pete na viatu," alisema Mwalimu kwa uchungu. "Juu hawakutazama."

Benedikta alivuta moja ya mabua. Ncha ya nguzo, nyeupe kwa chokaa, ilichungulia. Alijua kwamba kwa upande wa polisi hapakuwa na kesi: mtunza uwanja amehamisha mali ya klabu yake, na klabu yenyewe imekaa kwenye kigoda hapo inalia. Lakini hofu ya mzee ilikuwa na mantiki, na kesho saa sita ilikuwa palepale. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kanuni za hilo kombe unazo?"

Zilikuwa kwenye mkoba. Kitabu kilikuwa kimechakaa kama kitabu cha nyimbo. Benedikta hakuufahamu mpira, lakini vifungu alivifahamu. Alisoma kimya kurasa thelathini na moja huku mzee akihesabu pumzi zake.

"Kifungu cha ishirini na saba," alisema mwishowe. "Pingamizi lolote kuhusu uwanja au vifaa vyake litawasilishwa kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane baada ya mchezo. Baada ya hapo matokeo hayataguswa. Fainali ya wilaya ilikuwa lini?"

"Miezi minne iliyopita."

"Na kipindi cha pili timu zinabadilishana upande?"

"Zinabadilishana."

"Basi kila timu imelinda goli fupi na imeshambulia goli fupi. Hakuna aliyeibiwa, babu. Mmepona kwa saa nyingi sana."

Mzee Bura alijifunika uso kwa mikono yote miwili na akakaa hivyo. Alipoitoa, alikuwa ameanza kuonekana mtu wa miaka sitini.

"Lakini hizi nguzo haziwezi kusimama kesho," alisema. "Na mkaratusi wa urefu ule, ulionyooka, mpaka kesho saa sita, utatoka wapi?"

Wote watatu walijua. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

* * *

Wolfgang aliisikiliza habari yote akiwa amesimama. Mzee Bura aliieleza mwenyewe, alikataa kusaidiwa. Ilipofika mbili nukta sifuri sita, fundi alikaa kwenye kitanda ambacho hakijakamilika.

"Mara tatu," alinong'ona. "Mipira mitatu ya Alex. Kwenye goli la haki yote inaingia."

"Yote," alisema Mzee Bura. "Nisamehe, mwanangu."

"Tatu moja! Sisi ndio tungekuwa tunawasubiri Kurasini!"

"Saa arobaini na nane zimepita," alisema Benedikta, haraka kidogo.

Wolfgang alizunguka karakana mara mbili. Alipiga teke kopo la gundi. Aliangalia nguzo zake, akamwangalia mzee wa miaka sabini na minne aliyepanda mkokoteni kutoka Gehandu kuja kusema kosa ambalo hakuna mtu angelijua. Mwishowe akatoa penseli sikioni.

"Nitazitoa. Lakini nazisimamisha mimi, kwa futi yangu. Nikiona mtu wa Gehandu anashika msumeno karibu na goli langu, namfikisha kwa huyu afande. Na jivu marufuku. Chini napaka oili chafu. Mchwa wa Gehandu watafute chakula kingine."

* * *

Alhamisi saa sita kasoro robo mkaguzi alifika. Alikuwa bwana mwembamba mwenye kofia ya shirikisho, asiyetabasamu. Alipima mistari. Alipima choo. Alifika kwenye magoli mapya, meupe, yanayonuka oili, akanyoosha futi, akaangalia, akaangalia tena.

"Mbili nukta nne nne kamili," alisema. "Sijawahi kuona hivi huku vijijini. Fundi ni nani?"

"Mimi," alisema Wolfgang. "Wa Nangwa."

Mkaguzi akapiga muhuri. Mwalimu Hilaria aliikumbatia ile karatasi, kisha akamkumbatia mkaguzi, kisha Wolfgang, ambaye alijifanya hapendi. Mechi ilikuwa imebaki Gehandu. Watu waliokuwa wamesimama pembeni walishangilia mpaka ng'ombe wa Gidamis wakainua vichwa bwawani.

Benedikta aliegemea pikipiki akaandika ukurasa wa mwisho: *Mali imepatikana yote. Imepungua sentimita thelathini na nane. Mlalamikaji ameondoa malalamiko.* Alipoinua macho, aliona kwamba mtu mmoja tu hakuwa anashangilia.

Yonas alikuwa amesimama katikati ya goli la kaskazini, glavu mikononi. Alinyoosha mikono juu kama alivyozoea. Hapakuwa na kitu. Akanyanyuka kwa ncha za vidole. Hapakuwa na kitu. Akaruka, akarudi chini, akautazama mtambaa panya muda mrefu, na mechi sita zote zikampita usoni, moja baada ya nyingine.

"Mzee," alisema taratibu, "hili nalo litashuka lini?"

"Halishuki tena, mjukuu wangu."

Kijana akavua glavu. "Kumbe mimi siyo kipa."

Mzee Bura alikwenda mpaka pembeni mwa uwanja, akachukua kigoda chake, akakiweka nyuma ya nyavu, akakaa, akaweka mikono juu ya fimbo.

"Mimi ndiye niliyekufupisha," alisema. "Vaa glavu. Bado siku tisa. Ruka."

Yonas akaruka.

"Ruka tena."

Benedikta alikuwa na kesi nyingine ya kuku huko Mogitu, tena ya haraka. Alizima simu, akakaa kwenye nyasi, akaanza kuhesabu. Mruko wa arobaini na moja, ncha ya kidole kimoja iligusa mti, na yeye, ambaye mpira hakuufahamu hata kidogo, alijikuta amesimama anapiga kelele.